Mngoje Chini

Duka la Urmas liko nyuma ya kituo cha mabasi, Tartu,
mlango wake hukwama theluji ikilowa.
Tulikung'uta viatu kizingitini, mimi na Liisbet,
yeye na bahasha ya yuro mia tisa,
majira mawili ya kuchuma stroberi,
mimi na kamba ya ndugu yangu begani.

Kamba ya Endel. Samawati, nzima machoni,
miaka kumi na mmoja msumarini ghalani
juu ya betri kuukuu ya trekta.
Nikasema: hii hapa, gharama imeshapungua.

Urmas hakuivuta. Aliinusa.
Akaipitisha vidoleni pima kwa pima, macho kafumba,
kama achambuaye mchele gizani,
akafika mahali, akasimama.
Hapa imelegea. Hapa ina mfupa.
"Ilibeba nini?"
Watu, nikasema.
"Na magogo?"
Na magogo. Na gari lililozama mtoni, mwaka ule.
"Na hii harufu?"
Sikujibu.
"Kamba haisimulii yaliyoipata," akasema.
"Siku inaposema, imechelewa."

Akaanza upya, wala si kwa kamba.
Kofia ngumu, yenye mkanda wa kidevu,
maana kofia inayotangulia kufika chini
ni pambo.
Kisha mkanda wa kukalia. Alimning'iniza mwanangu
kwenye boriti ya duka, nusu saa nzima,
miguu ikielea juu ya ndoo za rangi,
wateja wakimzunguka, wakiomba radhi kwa viatu vyake.
Mapaja yakafa ganzi. Akashushwa, akajaribu mwingine.
Wa tatu, wa rangi mbaya ya haradali,
ndio uliomshika kama mtu anayemjua.

Kamba mpya: mita arobaini na tano,
nene kidogo, ili mikono michanga iishibe.
Na kamba fupi ya kiuno, kwa siku ya msumeno,
"ufungwe mara mbili, Liisbet,
moja ukiikata kwa bahati mbaya, ya pili ikukumbuke."
Karabina zinazojifunga zenyewe.
Bandeji za damu, mahali mkono wowote unapofika.
Msumeno wa mkono tu. Ule wa moto, mwakani,
mwalimu akiridhia.

Liisbet akagusa kioo: miiba ya chuma ya kufunga kwenye buti,
inameta, bei yake nusu ya kila kitu.
"Hiyo ni ya mti utakaoangushwa," Urmas akasema.
"Mti unaoishi haupandwi kwa kuchomwa."
Akaondoa mkono kama aliyegusa jiko.

Hesabu ikapita kwa yuro sitini na mbili.
Nikatoa. Hakuna aliyesema kitu.

Halafu Urmas akachukua kisu,
akaikata kamba ya Endel vipande vitano, mbele yangu,
ili mtu asije akakosea.

Endel hakufa kwa kuanguka.
Alikufa kitandani, mapafu, mwezi wa pili.
Nilitaka tu kamba yake ipande tena.

Sasa vipande vinafunga kuni kwenye sileji.
Nyuma ya sauna kuna mwaloni,
na kwa wiki tatu Liisbet hakupita mita moja juu ya ardhi:
fundo, kaa, shuka, fungua.
Fundo, kaa, shuka.
Majirani wakacheka, mbona hata paka angefika mbali zaidi.
Urmas alikuja kila Jumamosi, akavuta kila kitanzi
kwa uzito wake wote, akanywa chai, akaenda.

Leo asubuhi amepita tawi la kwanza.
Amepita la pili.
Namwona nyayo tu, na haradali ile kati ya matawi makavu.

Aliye juu mngoje chini:
msemo wa wenye kinyongo, nilidhani.
Nimesimama mbali na shina, kama nilivyoagizwa,
nami nimevaa kofia,
birika limefungwa koti lisipoe,
na namngoja.